Konstantino Mkuu na Sarafu Iliyogongwa Baada ya Kifo Chake

Kila anayesoma historia ya Kanisa hukutana na Konstantino mapema. Tunajifunza kwamba alikomesha madhulumu, akawapa Wakristo uhuru na akaitisha Mtaguso wa Nisea, kisha tunafungua ukurasa unaofuata. Safari hii tumeona tumwendee kwa njia nyingine, kupitia kitu kisichozidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Ni sarafu ya shaba iliyogongwa na wanawe baada ya yeye kufa mwaka 337.

Upande mmoja wa sarafu hiyo kuna kichwa cha kaisari kilichofunikwa kwa nguo. Maandishi ya pembeni yanaanza na herufi mbili, D na V, ufupisho wa neno la Kilatini divus, yaani mtu aliyehesabiwa kuwa mungu baada ya kufa. Linafuata jina lake, na kwamba yeye ni baba wa Maaugusto, maana yake makaisari wakuu. Upande wa pili tunamwona amesimama ndani ya gari la farasi wanne linalopanda juu, na kutoka mbinguni mkono umenyooshwa kumpokea.

Hapo ndipo penye swali. Konstantino alibatizwa katika siku za mwisho za maisha yake. Wanawe walilelewa katika imani ya Kikristo. Iweje basi mbatizwa aitwe kwa jina linalotoka katika ibada ileile ambayo Wakristo wengi walikufa kwa kuikataa?

Desturi hiyo ilikuwa ya zamani. Julius Caesar aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, na miaka miwili baadaye Seneti ya Roma ikamtangaza kuwa mmoja wa miungu. Mrithi wake Augusto, ambaye Mwinjili Luka anamtaja katika habari ya kuzaliwa kwa Bwana, alijiita kwenye sarafu zake mwana wa huyo aliyefanywa mungu. Augusto naye alipofariki alitangazwa vivyo hivyo, na Tiberio akaandika kwenye dinari zake kwamba yeye ni mwana wa Augusto wa kimungu. Wataalamu wengi huona kwamba ile dinari aliyoonyeshwa Yesu alipoulizwa habari ya kodi ilikuwa ya aina hiyo. Kwa hiyo swali la sura na maandishi ya nani lilikuwa zito kuliko tunavyolisikia linaposomwa kanisani.

Baadaye mambo yalipangwa zaidi. Kaisari aliyekubalika na Seneti alifanyiwa maziko ya fahari, sanamu yake ikachomwa juu ya rundo la kuni lililojengwa kama mnara wenye ngazi, na tai akaachiwa aruke kuashiria kwamba roho imekwenda kwa miungu. Sarafu za kumbukumbu zilionyesha hayo yote: tai, altare, mnara wa kuni, pamoja na neno la Kilatini la kumweka marehemu wakfu, consecratio. Mwaka 250, kaisari Decius alipowalazimisha raia wote watoe sadaka kwa miungu, Papa Fabiano alikuwa kati ya waliouawa. Katika miaka hiyohiyo zilitoka sarafu za fedha za makaisari marehemu 11, kuanzia Augusto mpaka Alexander Severus, na watafiti wengi wanaona kwamba aliyezitoa ni Decius huyo. Kuwaheshimu makaisari waliokufa na kuwatesa Wakristo vilikwenda pamoja.

Konstantino alizaliwa katika dunia hiyo, tarehe 27 Februari, karibu mwaka 272, katika mji wa Naissus, ambao leo ni Niš nchini Serbia. Baba yake, Constantius, alikuwa askari aliyepanda vyeo. Mama yake, Helena, alitoka kwa watu wa chini. Mtakatifu Ambrosi alimtaja kama mhudumu wa nyumba ya wageni, wala hakusema hivyo kwa dharau. Constantius alipopanda ngazi za utawala, alimwacha Helena na kumwoa Theodora, binti wa nyumba ya kaisari Maximianus. Mwaka 293 akafanywa kaisari msaidizi upande wa magharibi. Kijana wake akalelewa mbali naye, kwenye ikulu ya Diocletianus huko Nikomedia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Aliheshimiwa, lakini alikuwa pia rehani ya uaminifu wa baba yake.

Alikuwa bado mtu wa ikulu hiyo mwaka 303, ilipotolewa amri ya kubomoa makanisa na kuchoma Maandiko Matakatifu. Hatuoni popote kwamba alifungua kinywa kupinga. Mwaka 305 Diocletianus alipojiuzulu, Konstantino akamfuata baba yake mpaka Uingereza, na tarehe 25 Julai 306 Constantius akafa katika mji ambao leo unaitwa York. Siku hiyohiyo askari wakampigia mwana shangwe za kaisari.

Muda si mrefu viwanda vya sarafu vilivyokuwa chini yake, kimojawapo kikiwa London, vikaanza kutoa sarafu za kumkumbuka baba: upande mmoja Constantius aliyefanywa mungu, upande mwingine altare na tai wawili, pamoja na maneno ya kumbukumbu yenye heri. Kijana aliyetawazwa na jeshi peke yake alihitaji kuonyesha haki yake, na haki hiyo ilikuwa kaburini.

Washindani wake walifanya vivyo hivyo. Kule Roma alitawala Maxentius, mwana wa Maximianus. Mwanawe mdogo Romulus alipofariki mwaka 309, Maxentius alimtangaza kuwa mungu na kutoa sarafu zenye picha ya hekalu la ukumbusho. Maximianus mwenyewe alikuwa amemwoza Konstantino binti yake Fausta mwaka 307, kisha mwaka 310 akamwasi mkwewe huko kusini mwa Gaul, akashindwa, na akalazimika kujiua. Maxentius, ambaye alikuwa amegombana na mzee huyo, sasa akatoa sarafu za kumlilia baba yake mpendwa. Akatoa na nyingine za kumkumbuka Constantius, baba wa adui yake, akimwita ndugu wa ukoo. Majeshi yalikuwa hayajakutana, lakini wafu walikwisha kuingizwa vitani.

Tarehe 28 Oktoba 312 majeshi yakakutana karibu na Daraja la Milvio, nje ya Roma, na Maxentius akazama katika mto Tiberi. Habari za maono kabla ya vita tunazipata kwa waandishi wawili, nao hawasimulii sawasawa. Lactantius anaeleza ndoto iliyomwamuru Konstantino kuweka alama ya Kristo kwenye ngao. Eusebi, askofu wa Kaisaria, anaeleza msalaba wa nuru angani, habari aliyosema kwamba aliisikia kwa kaisari mwenyewe miaka mingi baadaye. Haitupasi kuchagua mmoja na kumtupa mwingine. Lililo wazi ni kwamba tangu siku hiyo Konstantino aliamini kuwa Mungu wa Wakristo ndiye aliyempa ushindi. Mwaka 313, katika makubaliano ya Milano na mwenzake Licinius, Wakristo wakapewa uhuru wa ibada na kurudishiwa mali zao.

Anayetazama sarafu za miaka hiyo, lakini, anaweza kushangaa. Kwa miaka kadhaa baada ya 312 ziliendelea kumtaja mungu Jua Asiyeshindwa kuwa rafiki na mwenzi wa kaisari. Mwaka 315 tunapata medali ya fedha ambayo kofia yake ya vita ina herufi mbili za kwanza za jina la Kristo kwa Kigiriki, lakini medali hizo zilikuwa chache, ilhali sarafu za Jua zilijaa kila soko. Karibu na mwaka 318 alirudi tena kwa wafu. Zikatoka sarafu za makaisari watatu marehemu, wote wamefunikwa vichwa: baba yake Constantius, Claudius wa Pili, aliyekufa mwaka 270, ambaye Konstantino alidai ni babu yake ingawa wanahistoria wengi hawalikubali dai hilo, na Maximianus, yuleyule aliyelazimika kujiua. Maneno yake yanazungumzia pumziko la watu waliostahili mema. Wanawe Crispus na Konstantino mdogo walikuwa wametangazwa makaisari wasaidizi tarehe 1 Machi 317, hivyo watoto wakapewa mababu wa kutosha.

Mengi mema aliyolifanyia Kanisa yanajulikana, tuyapitie haraka. Alijenga basilika ya Laterano, na juu ya kaburi la Mtume Petro kilimani Vatikano ikajengwa basilika nyingine. Mwaka 321 aliamuru mahakama na kazi za mjini zipumzike Jumapili, ingawa sheria yenyewe iliitaja siku hiyo kwa jina lake la zamani, siku ya Jua. Mgogoro wa Wadonati wa Afrika ya Kaskazini aliwapelekea maaskofu kule Arles mwaka 314, na haukwisha. Mwaka 324 alimshinda Licinius akabaki mtawala pekee, na mwaka uliofuata akawaita maaskofu Nisea kwa ajili ya mafundisho ya Ario. Hapo Kanisa lilikiri kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba, na sisi tunaikiri imani hiyo kila Jumapili. Kaisari aliyefungua kikao hicho hakuwa amebatizwa.

Mwaka 326 unatupa uzito. Crispus, mwanawe wa kwanza, kijana aliyeongoza merikebu za baba yake na kumshinda Licinius baharini, aliuawa kwa amri ya baba yake katika mji wa Pola. Haukupita muda Fausta, mke wa Konstantino, naye akafa kifo cha kutisha. Waandishi wa kale wanatoa sababu mbalimbali, nyingine za chuki tupu, nasi hatutaki kuzichochea. Majina ya wawili hao yalifutwa kwenye mawe, sura zao zikatoweka kwenye sarafu. Eusebi, aliyeandika kirefu juu ya maisha ya kaisari, hakugusa jambo hilo hata kwa neno moja. Tukimsoma Eusebi tukumbuke kimya hicho pia.

Helena, bibi yake Crispus, alikuwa sasa na cheo cha Augusta na sura yake ilikuwa kwenye sarafu. Katika miaka hiyo alisafiri kwenda Nchi Takatifu, akiwa mzee, na makanisa ya Betlehemu na Mlima wa Mizeituni yanahusishwa na hija yake. Wapo wanaosema alikwenda kuomba toba kwa ajili ya nyumba yake. Haliwezi kuthibitishwa, lakini yeyote aliyezika mjukuu ataelewa kwa nini watu wamelifikiria.

Tarehe 11 Mei 330 Konstantino aliweka wakfu mji wake mpya, Konstantinopoli. Humo alijenga kanisa la Mitume Watakatifu, na ndani yake akaandaa mahali pa kaburi lake katikati ya kumbukumbu 12 za Mitume. Unyenyekevu si neno la kwanza linalotujia hapo.

Alipougua mwaka 337, baada ya Pasaka, alijua mwisho umefika. Akaomba ubatizo. Katika karne ile watu wengi, hasa wenye madaraka, waliahirisha ubatizo, kwa sababu kitubio cha dhambi nzito baada ya ubatizo kilikuwa kirefu, kigumu, na kilitolewa mara moja tu maishani. Mtawala aliyetia sahihi hukumu za kifo, na ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa waliohukumiwa, alikuwa na sababu ya kuogopa. Alikuwa ametamani kubatizwa katika mto Yordani. Badala yake alibatizwa karibu na Nikomedia na askofu wa mji huo, aliyeitwa Eusebi pia, ambaye alikuwa rafiki na mtetezi wa Ario. Wakati huohuo Atanasi, mtetezi mkuu wa imani ya Nisea, alikuwa uhamishoni Trier kwa amri ya kaisari huyuhuyu. Baada ya ubatizo Konstantino alivaa nguo nyeupe na hakukubali tena kuvaa zambarau ya kifalme. Alifariki tarehe 22 Mei 337, sikukuu ya Pentekoste.

Mwili wake haukuchomwa. Uliwekwa katika jeneza la dhahabu, ukapelekwa Konstantinopoli, ukazikwa katika kanisa la Mitume kwa sala za mapadre na waamini. Kwa miezi zaidi ya mitatu serikali iliendelea kutoa amri kwa jina la marehemu. Majira hayo ya kiangazi askari waliwaua ndugu wa Konstantino waliotokana na Theodora, pamoja na watoto wao wakubwa. Tarehe 9 Septemba wanawe watatu, Konstantino wa Pili, Constantius wa Pili na Constans, wakatangazwa kuwa Maaugusto.

Ndipo ilipotoka ile sarafu yetu, katika viwanda vya mashariki kama Konstantinopoli, Antiokia na Aleksandria. Tukiitazama tena sasa, tunaona zaidi yale yasiyokuwapo. Hakuna tai. Hakuna altare wala mnara wa kuni. Neno la kumweka wakfu miongoni mwa miungu halipo. Limebaki divus, na kwa maoni yetu lilikuwa limeanza kupoa, likawa karibu na jinsi tunavyosema marehemu mheshimiwa. Lakini hatuwezi kusema lilikuwa limepoa kabisa, maana Wapagani walikuwa wengi bado, na wao walilielewa kama babu zao walivyolielewa.

Picha nayo ilisomeka kwa namna mbili. Aliyemwabudu Jua aliona gari la Jua, lile la farasi wanne, likimchukua rafiki yake wa zamani. Mkristo aliona gari la Eliya, linalosimuliwa katika sura ya pili ya Kitabu cha Pili cha Wafalme. Mkono unaotoka juu ulikuwa ishara ya Mungu katika michoro ya Wayahudi, kama ile ya sinagogi la Dura-Europos iliyochorwa karne moja kabla, na Wakristo nao waliitumia. Hatudhani mafundi waliteleza. Serikali iliyotawala watu wa dini zote ilitaka kila mtu aipokee sarafu hiyo sokoni bila kunung'unika. Eusebi wa Kaisaria aliiona na kuieleza katika kitabu chake, nguo ya kichwani, gari na mkono, bila dalili ya kuona haya. Humo anamtaja kaisari kwa sifa ya mwenye heri, na neno divus halitaji.

Magharibi, katika viwanda vya Trier, Lyon na Arles, zilitoka sarafu nyingine zinazomwonyesha Konstantino marehemu amesimama na mkuki na tufe mkononi, na baadhi zina ile alama ya Kristo. Katika miaka hiyohiyo, kati ya 337 na 340, wana hao walitoa pia sarafu za wanawake wawili waliokwisha kufa. Mmoja ni Helena, mke aliyeachwa. Mwingine ni Theodora, aliyechukua nafasi yake. Sarafu ya Helena inataja amani ya watu wote, na ya Theodora inataja uchaji wa Kiroma. Wana na wajukuu wa Theodora walikuwa wameuawa majira yaleyale, na damu yao haikuwa imekauka. Crispus hakupewa sarafu.

Mwaka 347 au 348 kumbukumbu ya Konstantino ilitolewa tena. Safari hii gari na mkono havikuwapo. Kuna mtu aliyejifunika nguo, amesimama kimya, na herufi chache za kusema kwamba kumbukumbu yake ni ya kuheshimiwa. Hizo ndizo sarafu za mwisho za desturi hiyo iliyoanza na Julius Caesar. Makaisari waliofuata walizikwa karibu naye katika kanisa la Mitume, lakini hakuna aliyegongewa sarafu kama mmoja wa miungu.

Makanisa ya Mashariki yanamheshimu Konstantino kama mtakatifu, aliye sawa na Mitume, na sikukuu yake pamoja na mama yake ni tarehe 21 Mei. Katika kalenda yetu ya Kilatini jina lake halimo. Helena tunamkumbuka peke yake, tarehe 18 Agosti.